Somo la Kumi na Nne: Kengele ya Shule na Sauti ya Kompyuta

Kihonda ni sehemu ya mji wa Morogoro. Ipo kandokando ya barabara kuu iendayo Dodoma. Ukisimama Kihonda asubuhi na kutazama upande wa kusini, utaiona milima ya Uluguru. Masikio yako nayo yatapata kazi: malori yanapita, majogoo yanawika, na kwa mbali treni inapiga honi.

Fikiri kuwa wewe ni mwanafunzi wa shule moja ya msingi huko Kihonda. Kengele ya shule ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mwanafunzi wa zamu huigonga kwa kipande cha nondo. Wanafunzi wote hukimbia mstarini, na wachache tu hubaki kusikiliza mlio mpaka unapokwisha. Hao wachache husikia jambo la ajabu. Mlio haufifii kwa utulivu. Huinuka na kushuka, huinuka na kushuka, kama mtu anayesema "wuu, wuu, wuu". Rimu imegongwa mara moja tu. Kwa nini basi sauti yake inayumba?

Katika somo hili tutatafuta jibu la swali hilo. Tutaanza kwa rula na chupa, na tutamaliza kwa kompyuta.

A. Sauti ni mtetemo

Jaribio la 1
Vifaa: rula ndefu na meza.
Njia:
(a) Weka rula juu ya meza. Acha sehemu kubwa ya rula itokeze nje ya ukingo wa meza.
(b) Bana kwa mkono mmoja sehemu iliyo juu ya meza. Kwa mkono mwingine, bonyeza ncha ya rula kisha uiachie.
(c) Sogeza rula ndani ili sehemu inayotokeza iwe fupi. Rudia.

Uliona nini? Uliisikia sauti gani?

Ncha ya rula ilikwenda juu na chini upesi. Mwendo huo huitwa mtetemo. Sehemu ndefu ilitetemeka polepole na kutoa sauti nzito. Sehemu fupi ilitetemeka upesi na kutoa sauti nyembamba. Kila sauti hutokana na kitu kinachotetemeka. Gusa koo lako unapozungumza, nawe utausikia mtetemo kwa vidole vyako.

Idadi ya mitetemo katika sekunde moja hupimwa kwa kipimo kiitwacho hezi. Kitu kinachotetemeka mara 440 kwa sekunde hutoa sauti ya hezi 440. Sikio la binadamu husikia sauti kuanzia karibu hezi 20 hadi karibu hezi 20,000. Watu wazima wengi hawazisikii tena sauti nyembamba sana ambazo watoto huzisikia.

B. Sauti husafiri katika hewa

Kitu kinapotetemeka huisukuma hewa iliyo karibu nacho. Hewa hiyo huisukuma nyingine, na hiyo nyingine, mpaka mtetemo ufike sikioni. Safari hiyo huchukua muda. Sauti husafiri katika hewa kwa mwendo wa karibu meta 340 kwa sekunde.

Wakati wa masika, ukiwa ndani ya nyumba, tazama dirishani kuelekea Uluguru. Umeme ukimulika, anza kuhesabu sekunde. Acha kuhesabu usikiapo ngurumo. Tuseme umehesabu sekunde 9:

340 × 9 = 3,060

Radi hiyo ilikuwa umbali wa meta 3,060, yaani zaidi kidogo ya kilometa 3. Usitoke nje wala usisimame chini ya mti ili kufanya hesabu hii.

C. Ni nini hasa kinachotetemeka?

Jaribio la 2
Vifaa: chupa mbili za soda za kioo zinazofanana, maji na kijiko.
Njia:
(a) Tia maji kidogo katika chupa ya kwanza, na maji mengi katika chupa ya pili.
(b) Puliza juu ya mdomo wa kila chupa mpaka itoe mlio. Chupa ipi inatoa sauti nyembamba?
(c) Sasa gonga ubavu wa kila chupa kwa kijiko, polepole. Chupa ipi inatoa sauti nyembamba?

Andika majibu katika daftari lako kabla ya kuendelea kusoma.

Ulipopuliza, chupa yenye maji mengi ilitoa sauti nyembamba. Ulipogonga, chupa hiyohiyo ilitoa sauti nzito. Je, chupa imetudanganya? La. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyomo ndani ya chupa. Maji mengi huacha nafasi ndogo ya hewa, na hewa kidogo hutetemeka upesi. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji. Maji mengi hukifanya kioo kiwe kama kimebeba mzigo, nacho hutetemeka polepole. Mwanasayansi akisikia sauti, kwanza huuliza: ni nini kinachotetemeka?

D. Sauti katika umeme na katika namba

Mji wa Morogoro unajulikana sana kwa muziki wa dansi. Salum Abdallah aliongoza bendi ya Cuban Marimba. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa katika Morogoro Jazz mpaka mwaka 1973, alipoanzisha bendi yake ya Super Volcano. Gitaa la umeme lina nyuzi za chuma, na chini ya nyuzi hizo kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitetemeka, umeme mdogo hutokea katika waya na kutetemeka vivyo hivyo. Amplifaya huukuza umeme huo. Spika huugeuza kuwa mtetemo wa hewa, nasi tunausikia.

Kompyuta haina uzi wala ngozi ya ngoma. Ina namba. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa Bell Laboratories nchini Marekani, aliandika programu iliyoifanya kompyuta ipige muziki wa sekunde 17. Kompyuta ilikokotoa namba zinazopanda na kushuka, kisha namba hizo zikageuzwa kuwa umeme wa kuitetemesha spika.

Siku hizi kompyuta nyingi hutoa namba 44,100 kwa kila sekunde moja ya sauti. Tukitaka sauti ya hezi 441, kila mtetemo mmoja utapata namba ngapi?

44,100 ÷ 441 = 100

Kila mtetemo utachorwa kwa namba 100. Mtu hawezi kuziandika kwa mkono. Kwa hiyo huiamuru kompyuta izikokotoe.

E. Kuunganisha vijisanduku

Kuna programu iitwayo Pure Data, iliyoanzishwa na Miller Puckette wa Marekani katika miaka ya 1990. Katika programu hii hatuandiki maagizo marefu. Tunachora vijisanduku na kuviunganisha kwa mistari, kama fundi anavyounganisha mabomba ya maji. Kila kisanduku kina kazi moja.

Pure Data ni programu huria. Maana yake ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenziwe bila kulipa. Inafanya kazi vizuri katika mfumo wa Linux, ambao nao ni huria. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Ufini. Kompyuta ya zamani ya shule yaweza kutosha kwa kazi hii.

Jaribio la 3
Vifaa: kompyuta yenye Linux na Pure Data, na spika.
Njia:
(a) Punguza sauti ya spika mpaka iwe ndogo sana. Mtu yeyote asivae spika za masikioni.
(b) Fungua Pure Data. Katika mipangilio ya sauti, chagua kifaa ambacho spika imeunganishwa nacho.
(c) Fungua ukurasa mpya. Bonyeza Ctrl pamoja na 1 ili kuweka kisanduku. Weka visanduku vitatu na uandike ndani yake kama inavyoonekana hapa:

[osc~ 440]
     |
[*~ 0.05]
   |  |
[dac~]

(d) Viunganishe kwa kuvuta mstari kutoka chini ya kisanduku kimoja hadi juu ya kingine. Kisanduku cha mwisho kina milango miwili juu, mmoja wa spika ya kushoto na mmoja wa spika ya kulia. Peleka mstari katika kila mlango.
(e) Katika dirisha kuu la programu, weka alama mahali palipoandikwa DSP. Sasa ongeza sauti ya spika kidogo kidogo mpaka uisikie.

Kisanduku cha kwanza kinatoa mtetemo wa hezi 440. Cha pili kinazidisha kila namba kwa 0.05, na hivyo kuifanya sauti iwe ndogo. Cha tatu kinageuza namba kuwa umeme na kuupeleka kwenye spika.

Kama hakuna sauti, usibonyeze ovyo. Fuata njia ya sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Je, visanduku vimeunganishwa? Je, DSP ina alama? Je, kifaa ulichokichagua ni sahihi? Je, waya wa spika umekaa vizuri? Je, spika imewashwa? Mara nyingi kosa huwa ni moja tu, na mtu mwenye subira hulipata.

F. Siri ya rimu

Sasa weka kisanduku kingine cha osc~ kando ya kile cha kwanza. Andika 442 ndani yake. Kiunganishe na kisanduku kilekile cha kuzidisha. Sikiliza.

Husikii sauti mbili. Unasikia sauti moja inayoinuka na kushuka mara mbili kila sekunde. Badilisha 442 iwe 441, na sauti itayumba mara moja kila sekunde. Iwe 443, nayo itayumba mara tatu. Toa namba ndogo katika kubwa, nawe utapata idadi ya kuyumba.

Kwa nini? Wanafunzi wawili wapige makofi. Mmoja apige mara 60 kwa dakika, mwingine mara 61. Mwanzoni makofi yao yanaangukia pamoja na kusikika kwa nguvu. Katikati ya dakika yanapishana. Mwisho wa dakika yanaangukia pamoja tena. Mitetemo ya hewa hufanya hivyo pia. Ikienda pamoja huongezeana nguvu. Ikipingana huondoleana nguvu.

Turudi mtini. Rimu haifanani pande zote. Ina tundu la valvu, ina maungio, ina kutu na mahali palipobonyea. Kwa sababu hiyo, ikigongwa hutetemeka kwa namna mbili zinazokaribiana sana, na mitetemo hiyo miwili huifanya sauti iyumbe.

Je, tutajuaje kuwa maelezo haya ni kweli? Tuyapime. Gonga rimu, kisha uhesabu inayumba mara ngapi katika sekunde 5. Tuseme ni mara 15. Gawanya kwa 5, utapata 3. Rudi kwenye kompyuta. Badilisha namba ya kwanza mpaka sauti ifanane na ya rimu. Namba ya pili iwe imezidi kwa 3. Kisha zunguka rimu, ukiigonga mahali mbalimbali. Kama maelezo yetu ni sahihi, kuna mahali ambapo kuyumba kutapungua sana, kwa maana hapo unaamsha mtetemo mmoja tu.

Shule isiyo na kompyuta isikate tamaa. Chukua chupa mbili zinazofanana, tia maji kidogo sana katika moja, na wanafunzi wawili wazipulize kwa pamoja. Kuyumba kutasikika.

G. Tunza masikio yako

Ndani ya sikio kuna nywele ndogo sana zinazopokea mitetemo. Sauti kubwa huziua, na zikifa haziwezi kuota tena. Mwanafunzi aliyepoteza usikivu kwa sababu ya kelele hatarudishiwa na dawa. Kompyuta hutii amri bila huruma. Ukiandika 5 badala ya 0.05, umeiomba sauti mara mia zaidi. Kwa hiyo soma tena namba zako kabla ya kuwasha.

Tena, usielekeze kipaza sauti kwenye spika yake. Sauti ya spika huingia katika kipaza sauti, hukuzwa, hutoka, huingia tena, na mara mlio mkali husikika. Huenda umewahi kuusikia mlio huo mkutanoni.

Mambo ya kukumbuka
1. Kila sauti hutokana na mtetemo.
2. Mitetemo mingi kwa sekunde hutoa sauti nyembamba. Michache hutoa sauti nzito.
3. Kompyuta hutengeneza sauti kwa namba, na spika huzifikisha hewani.
4. Sauti mbili zinazokaribiana huyumba kwa idadi iliyo sawa na tofauti yao.
5. Anza daima kwa sauti ndogo.

Maswali
1. Umeona umeme, na baada ya sekunde 6 umesikia ngurumo. Radi ilikuwa umbali gani?
2. Kompyuta inatoa namba 44,100 kwa sekunde. Mtetemo mmoja wa sauti ya hezi 100 una namba ngapi?
3. Rimu moja inayumba mara 20 katika sekunde 5. Kama mtetemo wake wa kwanza ni hezi 300, wa pili waweza kuwa hezi ngapi? Toa majibu mawili.
4. Kwa nini chupa yenye maji mengi hutoa sauti nyembamba ikipulizwa, na sauti nzito ikigongwa?
5. Sauti ya rimu hufifia mpaka ikaisha, lakini sauti tuliyoitengeneza kwa kompyuta haifififii. Ni kisanduku kipi kati ya vile tulivyotumia ambacho namba yake ingepaswa kupungua kidogo kidogo? Jadilini darasani.