Maji Magumu na Maji Laini

Maji ya mvua ni laini: sabuni hutoa povu upesi. Lakini maji yapitayo katika miamba huyeyusha chokaa na magnesi. Hayo huitwa maji magumu. Maji ya Ziwa Kivu, yaliyo karibu na nyumba za Bukavu, yana magnesi nyingi. Katika maji magumu sabuni hugeuka utando mweupe kwanza, ndipo litoke povu. Hivyo mama hununua sabuni, na maji huila.

Jaribio. Twaa chupa mbili. Tia maji ya mvua katika moja, ya kisima katika nyingine. Ongeza sabuni kwa kipimo kimoja, tikisa. Povu la chupa gani ni jingi?

Namna ya kulainisha:
1. Chemsha maji, yaache yatulie, mimina yaliyo juu. Chokaa nyingi hubaki chini.
2. Ugumu usioondoka kwa moto huondolewa na magadi. Tia kidogo katika maji moto ya kufulia. Usiyanywe.
3. Kinga mvua, Septemba hadi Mei.

Ukoko wa birika huzuia joto, na makaa hupotea. Chemsha humo maji yenye limau, kisha suuza.

Maswali
1. Kwa nini maji ya mvua hayana chokaa?
2. Ukoko wa birika hutoka wapi?