Vitufe Vilivyookoa Daftari la Mama

Ndugu wanafunzi, nanyi mliomaliza zamani, nataka kuwaonyesha njia za mkato chache katika kompyuta ya nyumbani. Mimi si fundi; nilizijua baada ya kupata hasara.

Kwetu ni Tororo, karibu na ule mwamba. Mama huuza mahindi Busia, na kama mjuavyo Busia ni mbili, moja ya Uganda na moja ya Kenya, na wadeni wake wako pande zote. Katika daftari lake K ni shilingi za Kenya, U ni za Uganda. Daftari hilo liliponyeshewa na mvua, wino ukaanza kufutika, nikajitia kulihamisha katika programu ya Word, Mama akinisomea.

Nikaandika asubuhi nzima bila kuhifadhi. Mara umeme ukakatika. Uliporudi nilikuta sehemu kubwa ya kazi ipo, kwa maana programu hujiwekea akiba kila dakika 10. Lakini majina ya mwisho yalikuwa yamepotea. Tangu siku ile, kila nikimaliza jina moja nashika kitufe cha Ctrl, nagusa S, na kazi imehifadhiwa.

Hasara ya pili ilinitisha zaidi. Nilitaka kila K isomeke “Kenya”. Nikashika Ctrl na H, nikaiamuru mashine ibadilishe zote mara moja. Lo! Nekesa akawa NeKenyaesa, na Okello akawa OKenyaello. Kompyuta haijui K ya fedha na k ya jina la mtu. Mama akauliza, “Mwanangu, sasa nitamdai nani?”

Nikashika Ctrl nikagusa Z, mara moja tu, na majina yote yakarudi. Angalieni sana: Z hurudisha nyuma ulilofanya, na ukizidisha, Ctrl na Y hukupeleka mbele tena. Lakini ukishafunga faili, Z haina nguvu. Baadaye nikagundua kwamba katika dirisha lile la H kuna mahali pa kuchagua neno zima peke yake; ukichagua hapo, K iliyosimama pekee ndiyo inayobadilika, na Nekesa anabaki Nekesa.

Tazameni pia kibodi: Z, X, C na V ni majirani. Z kutengua, X kukata, C kunakili, V kubandika. Ufundi huo wa kukata na kubandika ulitengenezwa Marekani miaka ya 1970, naye Larry Tesler alikuwa mmoja wa waliouanzisha. Mwaka 1983 kompyuta ya Apple iitwayo Lisa ilikuwa ikitumia herufi hizo nne. Kwa kuwa zote ziko upande wa kushoto, mkono wa kulia haulazimiki kuiacha panya.

Juma lililopita mteja mmoja wa Busia ya Kenya alilipa shilingi 4,500. Nikatafuta jina lake kwa Ctrl na F, nikalifuta deni, nikagusa S. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akihakikisha.