Dondoo muhimu: Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya zamani ya mezani

Kompyuta inayosuasua ukifungua kurasa chache tu bado haijafika jalalani; mara nyingi inahitaji RAM, na kazi hiyo unaiweza.

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc uone RAM inavyotumika. Kama haijai, tatizo liko kwingine, pengine kwenye diski.
2. Kagua Windows yako: toleo la kawaida la biti 32 halivuki GB 4, hata uweke GB 16.
3. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe.
4. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika RAM, na uishike kingoni, si kwenye meno ya dhahabu.
5. Nenda dukani na kipande cha zamani. DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwani pengo la chini halikai sehemu moja. Usikubali kuambiwa "zote ni sawa".
6. Usishawishike na RAM ya seva kwa sababu ni rahisi. Kompyuta nyingi za kawaida huikataa.
7. Linganisha pengo la RAM na la nafasi yake, kandamiza ncha zote mbili hadi vibano vijifunge. Wengi hukosea hapa: huogopa kukandamiza, kipande kikabaki nusunusu.
8. Kompyuta ikilia bila kuonyesha picha, chomoa umeme, safisha meno kwa raba laini, pachika upya.
9. Hifadhi kipande cha zamani mpaka uridhike na kipya.