Sifa Bainifu za Primati na Mipaka ya Maana ya Neno "Nyani"

1.0 Utangulizi

Oda ya primati ina spishi zaidi ya 500, binadamu akiwa mmojawapo. Kiswahili hakina neno la asili linaloikusanya oda hiyo yote. Ndiyo maana baadhi ya waandishi hulitanua neno "nyani" ili libebe dhana hiyo. Makala haya yanadai kwamba utanuzi huo unavuruga mipaka ya maana ambayo wasemaji wamekwisha kuiweka.

2.0 Vijenzi vya Maana

Majina nyani, kima, tumbili, ngedere, mbega, komba na sokwe hutofautishwa kwa sifa zinazoonekana. Komba hutembea usiku, ana macho makubwa na pua yenye unyevu. Sokwe hana mkia. Mbega anao, lakini kidole gumba chake kimedumaa au hakipo kabisa. Nyani ana pua ndefu kama ya mbwa na hushinda zaidi ardhini. Mpaka usio thabiti ni ule wa tumbili na ngedere, ambao hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Hata hivyo, methali ihusuyo kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani huthibitisha kwamba wawili hao ni jamaa lakini si mamoja. Bila tofauti hiyo kejeli yake haipo.

3.0 Jina na Nasaba

Vijenzi vya maana havilingani daima na nasaba ya kibiolojia. Kima punju wa Unguja, kwa mfano, kinasaba ni mbega. Mfano mwingine ni kipunji, aliyeonwa na watafiti katika Mlima Rungwe mwaka 2003 na kutangazwa kisayansi mwaka 2005. Mwaka 2006 aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, baada ya uchunguzi wa DNA kuonyesha kuwa yu karibu na nyani, ingawa yeye huishi mitini. Jina lake ni la Kinyakyusa, nalo lilikuwapo vinywani mwa wawindaji kabla ya maelezo hayo.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "primati" litumike kwa oda, na "nyani" libaki kwa jenasi Papio. Aidha, majina ya lugha za jamii yakusanywe mapema. Kipunji anapatikana katika maeneo mawili tu ya misitu kusini mwa Tanzania. Msitu ukitoweka, jina hubaki bila kirejelewa, na baadaye nalo husahauliwa.