VYEO VYA MAJENERALI WA VIFARU WA UJERUMANI

Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Kisii. Mkuu wa Wajerumani alikuwa Kapteni Bock von Wülfingen. Upande wa pili Kapteni Thorne wa King's African Rifles aliuawa. Watu wengi wa Kisii na Nyamira, walipoona maafisa wa Serikali wameliacha boma, walidhani utawala wa Waingereza umekwisha. Boma na misheni zikaporwa, na adhabu yake ikawa kali: nyumba zilichomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa. Lakini cheo cha yule mgeni kingaliweza kuwaonya. Kapteni huongoza kombania chache, wala si jeshi la kuteka nchi. Na kweli, Wajerumani waliondoka mara baada ya mapigano.

Yafaa basi kujua kupima jeshi kwa cheo cha mkuu wake. Leo twatazama majenerali wa vifaru, silaha ambayo haikuwako vitani kabla ya Septemba 1916, Waingereza walipoileta Ufaransa.

Jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili halikuwa na brigedia. Jenerali wa chini kabisa aliitwa Generalmajor, na juu yake Generalleutnant. Cheo cha tatu kilitaja aina ya askari: wa mizinga aliitwa Jenerali wa Mizinga, na wa vifaru, tangu 1935, General der Panzertruppe, yaani Jenerali wa Vikosi vya Vifaru. Ndipo Generaloberst, na mwisho Generalfeldmarschall, Jemadari Mkuu. Hapa wengi hukosea. Generalmajor, ijapokuwa jina lake lafanana na Meja Jenerali, alilingana na brigedia wa Kiingereza. Na Jenerali wa Vifaru alilingana na Luteni Jenerali, ambaye kwa kawaida huongoza divisheni mbili au zaidi.

Rommel alipanda ngazi hii upesi mno. Mwaka 1940 alikuwa Generalmajor mwenye divisheni moja ya vifaru huko Ufaransa. Julai 1941, akiwa Libya, akawa Jenerali wa Vifaru. Juni 1942, Jemadari Mkuu. Mwenzake von Thoma hakubahatika: alipewa cheo cha Jenerali wa Vifaru mwanzoni mwa Novemba 1942, na tarehe 4 ya mwezi uo huo Waingereza wakamkamata El Alamein.

Lakini si kila mara mwenye cheo kikubwa ndiye atoaye amri. Kurt Wahle, Meja Jenerali mstaafu, alikuja Afrika ya Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta huko. Alikubali kutumikia chini ya von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa Luteni Kanali tu, na mwaka 1916 ndiye aliyeongoza askari wa Tabora walipojiwa na Wabelgiji.