Vinka: Dawa ya Saratani Kibarazani?

Swali: Kibarazani nina vinka, yale maua ya rangi ya waridi na meupe. Jirani asema majani yake yanatibu saratani. Niyachemshe?

Jibu: Usichemshe, ndugu yangu. Mmea huu, ambao asili yake ni Madagaska, kweli una vinblastini na vinkristini, dawa za saratani. Vinkristini hutibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini dawa hizi huzuia seli kugawanyika, hata zilizo nzima: chembe nyeupe za damu hupungua. Vidole pia huweza kufa ganzi. Tena zimo kidogo mno: gramu 1 ya vinblastini huhitaji takriban kilo 500 za majani makavu. Hospitalini hupimwa kwa miligramu na kudungwa mshipani. Sufuria haina kipimo hicho. Mgonjwa aende kwa daktari.