Kanisa Limekuwa Dogo: Somo kwa Kamati za Ujenzi



Maombi ya ujenzi yanayotufikia huanza karibu yote kwa namna moja. Waumini wameongezeka, wengine wanasali wakiwa nje dirishani, na kamati imeshachora ramani na kumpata fundi. Ni machache yanayoeleza kama jengo lililopo linalindwa na sheria yoyote. Ndiyo maana somo la robo hii tumelitoa mbali, mjini Boerne katika jimbo la Texas, Marekani, ambako parokia moja ilifika hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi kwa sababu ya kutaka kuongeza viti.

Kanisa la Mtakatifu Petro la Boerne lilijengwa mwaka 1923, kwa kuiga makanisa ya kale ya wamisionari wa Kihispania. Lilikuwa na nafasi ya watu wapatao 230, na katika baadhi ya misa za Jumapili waumini 40 hadi 60 walikosa pa kukaa. Askofu Mkuu wa San Antonio, Patrick Flores, aliiruhusu parokia ipanue jengo. Miezi michache baadaye baraza la mji lilipitisha sheria ndogo ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, na kuanzia hapo kazi yoyote ya kubadilisha majengo hayo ilihitaji idhini. Mnamo Desemba 1993 Askofu Mkuu aliomba kibali cha ujenzi, akanyimwa. Viongozi wa mji walidai kwamba kanisa limo ndani ya eneo la kihistoria. Tunasema “walidai” kwa makusudi, kwani hata mpaka wa eneo hilo uliletewa ubishi.

Askofu Mkuu alifungua kesi. Alitegemea sheria ya nchi ya mwaka huohuo wa 1993, iliyokataza serikali kuwawekea waumini mzigo mkubwa katika dini yao bila sababu nzito. Mahakama ya kwanza iliona sheria hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya rufaa ikaona vingine. Tarehe 25 Juni 1997 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 6 kwa 3, kwamba Bunge lilivuka mamlaka yake lilipozifunga serikali za majimbo na miji kwa sheria hiyo.

Hapa ndipo penye somo. Parokia ilikwenda kutafuta nafasi kwa waumini wake, na mwisho wake dini zote nchini humo zikapoteza kinga hiyo mbele ya majimbo na miji. Ilibidi Bunge litunge sheria nyingine mwaka 2000, inayogusa hasa matumizi ya ardhi na haki za wafungwa. Hatusemi Askofu Mkuu alikosea kudai haki. Lakini baadaye pande mbili zilikaa mezani zikakubaliana: sehemu kubwa ya jengo la zamani ibaki, na ukumbi mpya wa ibada wenye viti 750 ujengwe nyuma yake. Suluhisho hilo lilihusu mchoro wa jengo, wala halikuhitaji tafsiri ya Katiba. Mtu anajiuliza kama lisingeweza kupatikana mwaka 1993.

Tukirudi nyumbani, kamati nyingi hudhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa yetu ya kimisionari karibu yote ni ya baada ya hapo, na tumewahi kuambiwa kwamba kwa hiyo hayahusiki. Si kweli: Waziri anaweza kutangaza jengo la miaka ya baadaye kuwa la kuhifadhiwa. Zanzibar, Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, limo humo. Na mijini kote Tanzania Bara, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka idhini ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza kiwanja, hata kama hakuna jengo la kale.

Kwa hiyo mwoneni afisa mipango miji kabla ya kumlipa fundi. Mwombeni awaonyeshe kwenye ramani mpaka wa eneo na matumizi yaliyopangwa. Mkikataliwa, ombeni uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake, na muulize siku hiyohiyo rufaa inapelekwa wapi na muda wake unaisha lini. Kamati inayopeleka kwenye rufaa mchoro wa pili, unaoacha uso wa jengo kama ulivyo, ina la kuzungumza. Inayopeleka malalamiko matupu haina.

Wafadhili nao tunawaomba wakubali gharama za upimaji, michoro na vibali katika bajeti. Tumezoea kuzikata kana kwamba si ujenzi.

Kuanzia robo ijayo, kila ombi la kupanua au kubomoa jengo litaje mwaka lilipojengwa na liambatane na barua ya ofisi ya mipango miji. Yasiyo na barua hiyo tutayarudisha parokiani.